Shajara ya mradi: karantini ya mbwa na paka wasio na kwao, Morogoro

Hii ni kumbukumbu ya ujenzi na uendeshaji wa karantini katika kituo cha kupokea mbwa na paka, nje kidogo ya mji wa Morogoro. Ninaongeza sehemu kila hatua inapokamilika, kwa ajili ya yeyote anayetaka kufanya kazi hii kwao, iwe Tanga, Iringa au Kisumu, ili asilipe mara mbili pale tulipolipa sisi. Bei zote ni za shilingi ya Tanzania na ni za mtaani kwetu.

Januari 2025: tulipoanzia

Kituo kiko ndani ya mabanda ya zamani ya kuku. Paa ni zima, kuta za pembeni ni fupi na juu yake kuna wavu, sakafu ni udongo ulioshindiliwa. Wanyama wanafika kwa njia zilezile. Watoto wa mbwa huachwa getini alfajiri ndani ya boksi la biskuti. Paka huletwa kwenye kiroba kilichofungwa mdomo. Mbwa wa ulinzi aliyezeeka huletwa na mwenyewe kwa kamba ya katani. Wapo pia wa familia zinazohama, ambazo zimepanga nyumba mpya na mwenye nyumba hataki mbwa.

Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inamtaka mwenye mnyama ampe chakula, maji, makazi na matibabu. Wengi wanaotuletea wanyama hawajawahi kuisikia, lakini si watu wakatili. Wameshindwa tu, na wanatafuta mahali ambapo mnyama hatapigwa mawe.

Tatizo lililoanzisha mradi huu ni vifo vya watoto wa mbwa. Mtoto anafika akiwa mchangamfu, anachanjwa, anapewa dawa ya minyoo, anawekwa na wenzake. Wiki ya pili anakataa chakula, anatapika, anaharisha damu yenye harufu ambayo ukiinusa mara moja hutaisahau. Kipimo cha haraka kinaonyesha parvo, ugonjwa wa virusi unaoshambulia utumbo wa mbwa. Tunamtundikia dripu, tunakesha naye, na mara nyingi tunamzika.

Daktari wetu wa mifugo alilisema wazi: "Mkimpokea mtoto leo, na leo hiihii mkamweka na wenzake, msiilaumu chanjo."

Februari 2025: daftari kabla ya tofali

Fedha za michango zilikuwa zimepatikana na fundi alikuwa tayari kuanza. Tulimwomba asubiri. Kwanza tulikaa na daftari la mapokezi tukaandika, kwa kila mnyama aliyekufa, siku aliyoingia na siku aliyoanza kuugua.

Sababu ni hii. Parvo humchukua mbwa kwa kawaida siku 3 hadi 7 tangu aambukizwe mpaka dalili zionekane, na mara chache hufika siku 14. Mtoto anayeugua siku ya 2 ameingia nao. Anayeugua siku ya 10 au ya 12 kuna uwezekano mkubwa ameupata kwetu. Daftari lilionyesha kwamba wengi wa watoto waliotufia walikuwa wa kundi hilo la pili. Kwa maneno mengine, walifika wazima, tukawaugulisha sisi.

Jambo hilo lilibadilisha ramani nzima. Mpango wa kwanza ulikuwa kujenga chumba kikubwa cha wagonjwa. Mpango mpya ukawa kujenga vyumba vidogo sita vya wageni, kila kimoja na mlango wake, na mbwa asitoke humo mpaka siku 14 zitimie. Wale walioletwa pamoja kwenye boksi moja wanakaa pamoja, na chumba kikishapokea kundi hakiongezwi mwingine. Ukimwingiza mgeni siku ya 9, hesabu inaanza upya kwa wote.

Kama una fedha za kufanya jambo moja tu, usianze na zege. Nunua daftari lenye mistari, weka safu ya "siku ya kuingia" na safu ya "siku ya dalili ya kwanza", ulijaze miezi miwili. Litakuonyesha ugonjwa unaingilia wapi.

Nyongeza kuhusu vipimo vya haraka: mtoto aliyechanjwa siku chache nyuma anaweza kuonyesha mstari hafifu bila kuwa mgonjwa, kwa sababu chanjo yenyewe ina kirusi hai kilichodhoofishwa. Mstari mkali kwa mtoto anayetapika ni jambo jingine. Tunapima wenye dalili tu.

Machi 2025: sakafu iliyovunjwa

Vyumba sita vilijengwa ndani ya banda la magharibi, kwa hiyo paa tulikuwa nalo. Kuta za tofali zilipanda hadi mita 1.2 na juu yake wavu, ili mbwa wa chumba kimoja asigusanishe pua na wa chumba cha pili. Zege la sakafu lilikuwa la uwiano wa 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto), kisha plasta, kisha niru, yaani saruji laini ya kumalizia uso.

Gharama: tofali 700 kwa 1,400 ni 980,000. Saruji mifuko 40 kwa 17,000 ni 680,000. Mchanga lori mbili, 300,000. Kokoto, 280,000. Milango sita ya chuma, 720,000. Fundi na vibarua, 900,000. Jumla 3,860,000.

Ilipendeza sana, na ilikuwa na kasoro tatu ambazo masika ilizianika zote ndani ya wiki moja.

Kwanza, niru. Sakafu laini inasafishika vizuri, lakini ikilowa mbwa wanateleza. Mbwa mmoja mzee mwenye nyonga mbovu alianguka na hakutaka tena kusimama humo. Tulikwangua uso wa niru, tukapiga plasta mpya na kuiburuzia ufagio wa chelewa kabla haijakauka. Mikwaruzo midogo inayoelekea kwenye mfereji inatosha: miguu inashika na uchafu haukwami.

Pili, mteremko. Fundi alikuwa ameweka sentimita 1 kwa kila mita. Maji yalisimama pembeni mpaka jioni. Sentimita 2 kwa mita ndiyo inayofanya kazi. Hapo hapo tuliziba zile pembe za mraba kati ya ukuta na sakafu kwa saruji iliyopindwa kama upinde, kwa kuwa kinyesi hujificha kwenye pembe na brashi haifiki.

Tatu, na hii ndiyo kubwa: ili kuokoa bomba, maji ya vyumba vyote yalipitishwa kwenye matundu chini ya kuta, kutoka chumba cha kwanza hadi cha sita, ndipo yatoke nje. Yaani tulijenga kuta za kutenga magonjwa, halafu tukayachimbia njia chini yake. Ukiosha chumba cha kwanza, kinyesi cha mgeni wa jana kinapita miguuni mwa wote walio chini yake. Tuligundua pale watoto wa chumba cha nne walipoanza kuharisha siku mbili baada ya wale wa chumba cha pili. Matundu yote yalizibwa. Sasa kila chumba kina tundu lake la mbele linalomwaga kwenye mfereji wa nje wa pamoja, wenye mfuniko wa wavu, unaokwenda kwenye shimo la kunyonya maji mbali na kisima.

Marekebisho yote matatu: 610,000. Ukianza kujenga, chora njia ya maji kabla ya kuchora ukuta.

Uani nje hatukuweza kufanya kitu. Udongo hausafishiki kwa dawa, na kirusi cha parvo hustahimili kwenye udongo wenye kivuli kwa miezi mingi, hata mwaka na zaidi. Uwanja ule umebaki kwa mbwa wakubwa waliokamilisha chanjo. Watoto wanachezea kwenye jukwaa la zege la mita 4 kwa 5 linalopigwa na jua la asubuhi. Kuwafungia ndani moja kwa moja si suluhisho, kwa maana wiki ya 3 hadi ya 14 hivi ndiyo mbwa anajifunza kutoogopa watu, pikipiki na adhana. Mbwa aliyekosa mafunzo hayo hapati nyumba kirahisi, na akiipata anarudishwa.

Aprili 2025: jiki, ndoo na buti

Kabla ya mradi tulikuwa tunapiga deki kwa dawa ya lita tano yenye harufu ya maua, ile ya kuosha vyoo vya ofisini. Ni nzuri kwa bakteria wengi. Kwa parvo haifui dafu, kwa sababu kirusi hiki hakina lile gamba la mafuta ambalo dawa za jamii hiyo hulivunja. Klorini inakiua.

Tulihamia kwenye jiki, na mwezi wa kwanza hatukuona tofauti yoyote. Mlezi wetu wa mabanda ndiye aliyegundua kwa nini. Alisema jiki ikimwagwa juu ya kinyesi inapoteza ukali palepale, hata harufu inapungua. Ni kweli kabisa: klorini inamalizwa nguvu na uchafu kabla haijafika kwenye kirusi. Utaratibu ukawa huu, na sasa umebandikwa kwenye kila mlango:

Kokota kinyesi chote kwa koleo. Osha kwa maji na sabuni ya unga, sugua, suuza mpaka maji yatoke meupe. Ondoa maji yaliyosimama kwa kifaa cha mpira cha kukokotea maji. Ndipo mwaga klorini, iache dakika 10 sakafu ikiwa imelowa, kisha suuza na uache pakauke kabla mbwa hajarudi.

Vipimo: soma asilimia kwenye chupa, kwa sababu zinatofautiana. Ya asilimia 5 tunachanganya sehemu 1 kwa maji sehemu 30. Ya asilimia 3.5, sehemu 1 kwa maji 20. Klorini ya unga ya asilimia 70, ile ya kutibu maji, ni gramu 25 kwa ndoo ya lita 10, na ndiyo nafuu kuliko zote. Changanya asubuhi, mwaga kilichobaki jioni. Usimwage jiki juu ya mkojo ambao haujaoshwa, kwa kuwa hutoa hewa inayochoma macho na kifua, na wanyama walio chini sakafuni ndio wanaoivuta kwanza.

Beseni la kukanyagia dawa mlangoni tulilijaribu tukaliacha. Baada ya watu watatu linakuwa beseni la tope, na watu wanaamini wamejikinga. Badala yake kila sehemu ina buti zake zisizotoka humo. Jozi tano kwa 15,000 ni 75,000. Ndoo, koleo na mifagio imepakwa rangi: nyekundu karantini, njano wagonjwa, kijani watoto, bluu wakubwa. Chombo chekundu kikionekana nje ya karantini kila mtu anajua kuna kosa, hata mwanafunzi aliyekuja kujitolea siku hiyo.

Mpangilio wa kazi pia uligeuzwa. Zamani tulianza na wagonjwa kwa kuwahurumia. Sasa tunaanza na watoto wazima, tunafuata wakubwa wazima, halafu karantini, na wagonjwa mwisho. Mgonjwa anayehitaji dripu alfajiri anahudumiwa na mtu mmoja ambaye siku hiyo hagusi wengine.

Mwezi huu, kwa mara ya kwanza tangu tuanze kuandika daftari, hakuna mtoto aliyeugua parvo baada ya kutimiza siku 10 ndani. Wawili waliingia nayo na mmoja tulimpoteza. Lakini haikuvuka ukuta.

Mei 2025: chanjo na friji

Watu wengi wanaamini chanjo moja inatosha. Mtoto wa mbwa hupata kinga kwenye maziwa ya kwanza ya mama. Kinga hiyo ikiwa bado ipo, inaiua chanjo kabla haijafanya kazi. Ikishuka, mtoto anabaki wazi. Hakuna anayejua itashuka wiki gani kwa mtoto gani, ndiyo maana inarudiwa. Kwetu sasa: chanjo ya pamoja ya parvo na distempa (ugonjwa mwingine wa virusi wa mbwa) getini, siku ya kuingia, kabla hata ya kupewa jina, kwa kila mwenye wiki 6 na zaidi, hurudiwa kila baada ya wiki 2 au 3 mpaka avuke wiki 16. Wakati wa mlipuko daktari huanza wiki ya 4. Mbwa mkubwa asiyejulikana historia yake naye anachanjwa getini. Dozi moja tunaipata kwa 14,000, na ndiyo gharama kubwa kuliko zote baada ya chakula.

Halafu likaja suala la baridi. Chanjo hizi zinataka nyuzi 2 hadi 8. Tulinunua friji iliyotumika kwa 450,000 na kipimajoto kinachotunza kumbukumbu ya juu na ya chini kabisa kwa 35,000. Baada ya usiku ambao umeme ulikatika kipimajoto kilisoma 19, na dozi zote zilizokuwamo zilitupwa. Iliuma, lakini mtoto aliyechomwa chanjo iliyoharibiwa na joto ni hatari kuliko ambaye hajachanjwa, maana tutamtoa karantini tukidhani amekingwa.

Tulichofanya: chupa za maji zimejazwa kwenye nafasi zote tupu za friji, zinashika baridi kwa saa nyingi. Chanjo hazikai mlangoni wala hazigusi ukuta wa nyuma unaogandisha. Kuna boksi la barafu na vifurushi vilivyogandishwa tayari kwa umeme ukikatika zaidi ya saa tatu. Na tunanunua chanjo za wiki tatu tu, si za miezi.

Chanjo ya kichaa cha mbwa ni tofauti kidogo. Imetengenezwa na kirusi kilichouawa. Utafiti uliofanyika hapa Tanzania na kuchapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba aina moja ya chanjo hiyo ilibaki na nguvu baada ya kukaa nyuzi 30 kwa miezi 3. Kwa vijiji visivyo na umeme hiyo ni habari kubwa. Sisi bado tunaiweka kwenye friji, ila ikipatwa na joto la usiku mmoja hatuitupi bila kumuuliza daktari. Ya parvo na distempa haina msamaha huo.

Juni 2025: paka si mbwa wadogo

Banda la paka tulilijenga kwa mawazo ya mbwa: vizimba vya wavu vilivyotazamana, safi, vyenye mwanga. Paka wote walipata mafua. Chafya, macho yenye usaha, vidonda mdomoni, wakaacha kula kwa sababu paka asiyenusa hali.

Virusi vya mafua ya paka wengi huwa tayari wanavyo mwilini, vimelala. Hofu ndiyo inayoviamsha. Paka aliyesafiri ndani ya kiroba, akawekwa mbele ya paka mwingine anayemkodolea macho, na mbwa wanabweka ukuta wa pili, ameshaanza kuugua kabla hajaambukizwa na mtu. Tulijaribu dawa za macho na antibiotiki, tukatumia fedha nyingi. Kilichosaidia ni boksi. Kila kizimba kiliwekewa boksi la karatasi lililokatwa tundu, na pazia la kanga mbele. Paka anajificha, na siku ya pili au ya tatu anatoka mwenyewe kula. Kizimba kimoja katika kila viwili tulikiondoa. Nafasi zikapungua, na paka wanaopona na kuondoka kila mwezi wakaongezeka.

Hatari tatu ambazo lazima ziandikwe ukutani kwenye banda la paka. Dawa ya viroboto ya mbwa yenye pemethrini humtetemesha paka mpaka afe. Dawa ya josho la ng'ombe pia isimkaribie. Dawa za kuoshea zinazogeuza maji kuwa meupe kama maziwa, nyingi zake, ni sumu kwa paka anayelamba miguu yake. Na paracetamol, hata robo ya kidonge, usimpe kabisa. Paka mmoja tuliletewa ulimi ukiwa rangi ya udongo, mwenyewe alimpa kidonge kwa upendo kwa kuwa alimwona ana homa.

Chakula cha paka vilevile. Mbwa anaweza kuishi kwa ugali wa dona na dagaa na utumbo. Paka bila nyama au samaki anapofuka na moyo wake unachoka, kwa kuwa mwili wake hautengenezi taurini ya kutosha, kirutubisho kinachopatikana kwenye nyama na samaki. Dagaa waliochemshwa, wasio wa chumvi, ndio uti wa mgongo wa jiko letu la paka.

Paka wasioguswa na mtu, wale wa sokoni na wa buchani, hatuwaweki kabisa. Wanafungwa kizazi au kuhasiwa, wanachanjwa kichaa, wanakatwa ncha ya sikio la kushoto wakiwa wamelala kwa dawa ili watambulike kwa mbali, na wanarudishwa walikotoka. Paka jike anaweza kushika mimba akiwa na miezi 4 au 5 na anaibeba kama wiki 9. Kumfunga kizazi mmoja wa sokoni kunatuondolea viroba vingi getini.

Agosti 2025: kabla hawajafika getini

Julai ilikuwa ya kawaida, kwa hiyo ninairuka.

Karantini imebana idadi. Vyumba sita vikijaa, vimejaa, na mtu anayekuja na mbwa wa saba hatuna pa kumweka. Hilo lilitulazimisha kukaa chini na kila mleta mnyama na kuuliza kwa upole kwa nini. Zamani tulikuwa tunapokea kamba na kusema asante.

Mzee mmoja wa Kihonda alifika na jike wa kahawia aitwaye Popi. Tulimwamkia, akaketi kwenye benchi, akakaa kimya muda. Kisha akasema: "Mwanangu, huyu amenilindia nyumba miaka sita. Sasa anatoka damu, majirani wanasema ana mkosi, watoto wanamwogopa. Siwezi kumuua."

Damu ile ilitokana na uvimbe unaoambukizwa mbwa kwa mbwa wakipandana. Ni ugonjwa wa kawaida sana kwa mbwa wanaozurura katika miji yetu, unatisha kuutazama, na ni miongoni mwa saratani chache ambazo zinapona vizuri. Dawa ni vinkristini kwenye mshipa, mara moja kwa wiki, kwa wiki 4 hadi 6 kwa kawaida. Inatolewa na daktari tu, kwa glavu, kwa sababu ni sumu kwa anayeishika na ikivuja nje ya mshipa inaozesha nyama. Tulimwambia mzee kwamba Popi si wa kuachwa, ni wa kutibiwa. Amekuwa akimleta kila Alhamisi kwa bajaji. Baada ya sindano ya pili damu ilikata. Baada ya ya tano uvimbe haukuonekana, akafungwa kizazi, akarudi kwao. Gharama yote kwetu ilikuwa 130,000, na mzee alichangia 40,000 bila kuombwa. Kumlisha Popi hapa kwa maisha yake yaliyobaki kungetugharimu mara nyingi zaidi, na angeishi akimngoja mwenyewe.

Tangu hapo tumeweka mezani pale mapokezi vitu vinavyomsaidia mtu abaki na mnyama wake: kufungwa kizazi bila malipo kwa jike aliyezaa, dawa ya kupe na minyoo, mnyororo mrefu kwa anayefunga mbwa kwa kamba fupi, gunia la chakula kwa aliyefukuzwa kazi. Si wote wanaokubali. Lakini sehemu kubwa ya wanaokuja na kamba mkononi wanaondoka na mbwa wao, na kwangu hiyo ndiyo kazi bora kuliko zote tunazofanya hapa.

Upande wa kuwatoa wanyama kwa familia mpya, tulijaribu mkataba wa kumrudisha mtoto wa mbwa afungwe kizazi akifikisha miezi 6. Watu walitia saini kwa moyo safi. Wengi hawakurudi: nauli, msimu wa kilimo, simu imebadilishwa. Miezi ikapita, tukapokea maboksi ya wajukuu. Sasa hatoki mnyama yeyote ambaye hajahasiwa au kufungwa kizazi. Watoto wanakaa kwa walezi wa muda mtaani mpaka wafikie umri ambao daktari anaridhika nao, nasi tunatoa chakula na chanjo. Walezi wengi ni kina mama wenye uzio, na mbwa waliolelewa jikoni kwao wanapata nyumba haraka kuliko waliokulia kwenye zege letu.

Septemba 2025: kichaa cha mbwa

Mwezi huu alifika mbwa aliyemng'ata mtoto wa shule. Majirani walitaka auawe palepale. Tuliwaomba waache, na sababu ni ya kumsaidia mtoto: mbwa aliyeng'ata akiwa tayari anatoa kirusi kwenye mate, ataugua na kufa ndani ya siku 10. Akiwa hai na mzima siku ya 10, hakumwambukiza. Ila mtoto hasubiri matokeo hayo. Kidonda kinaoshwa kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, na anapelekwa hospitali siku hiyohiyo kuanza chanjo. Mama yake tulimwandikia haya kwenye karatasi aende nayo.

Mbwa alikaa chumba cha sita, mlango wa kufuli, akilishwa na mtu mmoja aliyechanjwa. Siku ya 10 alikuwa mzima, anakula. Tulimchanja, na ofisa mifugo wa kata akaja kumwona na kujaza fomu.

Tukio hili lilituonyesha kipengele ambacho karantini haitatui. Siku 14 zinatosha kwa parvo. Kichaa kinaweza kujificha mwilini kwa wiki hata miezi kabla ya dalili. Kwa hiyo wafanyakazi wote wanaogusa wageni wamepata chanjo ya kujikinga, dozi mbili, siku ya kwanza na siku ya 7. Anayejitolea bila chanjo hiyo anapangwa jikoni, kwa paka waliotimiza siku zao au kwenye daftari.

Tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, tulifungua geti tangu saa moja asubuhi kwa chanjo ya bure. Lengo linalojulikana duniani ni kuchanja mbwa asilimia 70 wa eneo ili ugonjwa ukose pa kupita. Sisi tulitangaza kwa kipaza sauti cha bajaji siku mbili kabla, na tuliomba shule mbili ziwaambie watoto. Watoto ndio waliowaleta mbwa. Foleni ilipinda mpaka barabarani, na kulitokea ugomvi wa mbwa wenyewe kwa wenyewe kwa sababu kamba zilikuwa fupi na wote walipita mlango mmoja. Mwakani: njia ya kuingilia na ya kutokea ziwe mbali, paka waje saa tofauti, na alama ya rangi ya mifugo ipigwe mgongoni kwa kila aliyechanjwa, ili kesho yake tutembee mtaani tuhesabu wenye rangi na wasio nayo.

Hatua inayofuata ni chumba cha kujifungulia kwa majike wanaoletwa na mimba kubwa, upande wa mashariki ambako hakuna kelele. Mchoro wa maji umeshapita kwa daktari na kwa mlezi wa mabanda, na fundi ameambiwa sentimita 2 kwa mita. Saruji imepanda hadi 17,500.